Jina Lako Nani? Maelekezo ya fundi cherehani kwa anayetaka kujijua ndani ya Kristo

Kwetu Iringa mkikutana asubuhi mnasalimiana "kamwene", halafu zinafuata habari za nyumbani na habari za kazi. Hizo za kazi ndizo zilizonimeza mimi. Mtu akiniuliza wewe nani, jibu lilikuwa mdomoni: fundi. Fundi wa Mlandege, barazani, mwenye cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme. Siku ambayo meza haina kazi nilikuwa najiona si mtu.

Haya ninayoyaandika nimeyafundisha kwa mabinti wa kipaimara usharikani kwetu na kwa akina mama wenzangu wa jumuiya. Kabla ya kuyafundisha yalinichapa mwenyewe. Wahubiri wa siku hizi wanayaita "utambulisho". Mimi nitasema tu jina, maana hata bibi yangu ambaye hakusoma alijua jina ni kitu gani.

Anza na daftari

Kila fundi ana daftari la vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, tarehe ya kuchukua nguo, na deni. Tafuta daftari dogo la namna hiyo, uandike majina yote uliyowahi kuitwa. Usiishie kwenye yale ya cheti.

Langu la kwanza nilipewa na bibi aliyenilea. Mama alinizaa nyumbani kwao bila mume, na mwaka wenyewe ulikuwa wa njaa, basi bibi akaniita kwa hali ilivyokuwa. Unayajua majina hayo: Shida, Tabu, Mateso, Masumbuko. Langu ni mojawapo, chagua unalotaka, yote yanafanana ukiitwa mbele za watu. Hospitali nikiitwa dirishani nilikuwa nasubiri warudie mara ya pili na ya tatu, ndipo ninyanyuke polepole kana kwamba naenda kuuliza kitu kingine. Shuleni nikaitwa mtoto wa nje. Nilipoolewa nikawa mke wa dereva. Nilipozaa mmoja nikakaa, nikawa "yule wa mmoja". Na nilipokaa barazani miaka kumi nikaitwa fundi asiyekosea. Hili la mwisho nililipenda sana, na ndilo lililoniponza kuliko yote.

Andika pia lile unalojiita mwenyewe ukiharibu kitu. Liandike kwa lugha ileile inayosikika kichwani. Kama ni Kihehe andika Kihehe. Mabinti wakifika hapa huanza kwa kucheka, kisha darasa linanyamaza. Mmoja aliandika neno "mzigo", akafunga daftari, akalikalia.

Ukimaliza, mbele ya kila jina weka safu mbili. Ya kwanza: nani aliniita hivi? Ya pili: nilifanya nini ili nilistahili jina hilo, au ili nilikimbie? Safu hii ya pili ndiyo inayouma. Nami nitakuonyesha yangu.

Mteja mmoja aliniletea kitenge cha yadi sita chenye ndege, kila ndege amesimama kwenye tawi akitazama juu. Mchoro wa namna hiyo una juu na chini. Ukikunja kitambaa ovyo kabla ya kukata, mbele ndege watasimama na nyuma watakuwa vichwa chini. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua. Nilikata usiku, Desemba, nguo za Krismasi zimepandana hadi dirishani. Asubuhi naunganisha mabega naona mgongo mzima ndege wananing'inia kama popo.

Mwenye kitenge alipokuja nilimwambia kitambaa kilikuwa pungufu, muuzaji alimpunja. Nikaongeza na masikitiko juu. Akaenda kununua kingine, nikamshonea, akanishukuru. Kile cha kwanza nikakificha chini ya meza.

Sikumdanganya kwa ajili ya pesa. Desemba ile pesa ya kitenge nilikuwa nayo kwenye kopo. Nilidanganya kulinda jina. Fundi asiyekosea akikosea, anabaki nani?

Jina halichimbwi

Kuna watu watakwambia ujitafute ndani yako. Mimi nimejitafuta, nikakuta ndege wa vichwa chini na wivu juu ya fundi wa jirani aliyepata kazi ya sare za shule. Kwa Mkristo jina halitoki ndani. Linatoka kwa anayeita.

Soma Mathayo 3:13 hadi 4:11. Soma hapo hapo siku saba, usirukeruke kwenda kwingine. Ni kwa kurudia ndipo utaona jambo ambalo mimi lilinichukua miaka. Yesu anabatizwa Yordani, mbingu zinafunguka, sauti inasema huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu. Sasa hesabu: mpaka hapo Yesu ameponya wangapi? Hakuna. Amehubiri mara ngapi? Bado. Alikuwa ametoka Galilaya, amesimama kwenye foleni ya wenye dhambi, amelowa maji. Amependwa kabla kazi haijaanza.

Geuza ukurasa. Ibilisi anamjia akisema ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru mawe haya yawe mikate. Neno "mpendwa" kaliacha. Amechukua jina, akalikata nusu, kisha akadai kazi iwe ushahidi. Hiyo ndiyo safu ya pili ya daftari lako, ilivyo. Kila mara ninaposikia "kama kweli wewe ni fundi", "kama kweli wewe ni mama", "kama kweli umeokoka", naijua sauti inakotoka.

Wiki inayofuata nenda Luka 15, habari za mwana mpotevu. Angalia mstari wa 19 alichopanga kusema na mstari wa 21 alichosema. Njiani alijiandalia hotuba yenye mwisho wake: nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika, sehemu hiyo haikusemwa. Baba alishaita vazi. Kama fundi nami naona jambo moja la ziada: hakuna aliyechukua vipimo. Vazi lilikuwepo tayari.

Nimebatizwa, si nilibatizwa

Kitafute cheti chako cha ubatizo. Changu kilikuwa kwenye sanduku la bati la bibi, kati ya kanga, kimeliwa pembe moja na mende. Kama kimepotea, ulizia usharikani, huwa wana kitabu. Kama kanisa lenu hubatiza wakubwa kwa kuzamisha, basi siku yako unaikumbuka, iandike daftarini. Kama hujabatizwa, funga ukurasa huu ukazungumze na mchungaji, mengine yatakungoja.

Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, katika kitabu chake cha mafundisho kiitwacho Katekisimo Kubwa, cha mwaka 1529, anafundisha kwamba dhambi na dhamiri zikitusonga tujibu: lakini mimi nimebatizwa. Angalia Kiswahili kinavyotusaidia hapo. Ukisema "nilivaa koti", watu watauliza sasa liko wapi. Ukisema "nimevaa koti", ni kwamba lipo mwilini sasa hivi, baridi ya Iringa ya mwezi wa saba haikupati. "Nilibatizwa" ni habari ya mwaka fulani. "Nimebatizwa" ni nguo niliyonayo mwilini. Na Paulo katika Wagalatia 3:27, kwenye Biblia zetu, hakuandikiwa mlimvaa. Imeandikwa mmemvaa Kristo. Nilipoliona hilo nilisimamisha cherehani.

Basi fanya hivi kila asubuhi. Katekisimo Ndogo, ya mwaka huohuo, inasema ukiamka ujibariki kwa ishara ya msalaba, useme kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mimi nafanya nikiwa juu ya beseni. Nachota maji kwa viganja, yale ya kulala ndani ya ndoo yanayochoma kama sindano, nanawa uso, nasema: nimebatizwa. Basi. Sekunde kumi. Jitahidi ufanye kabla hujashika simu, maana simu ina majina yake ya kukupa, na huwa haichelewi.

Mawili ya kujihadhari nayo

La kwanza ni wauza majina. Mhubiri mmoja aliyepita mjini aliniambia jina langu lina laana, ndiyo maana nimezaa mmoja, na laana itavunjwa kwa sadaka ya elfu hamsini. Nilitoa. Nikapewa na jina jipya, zuri, la kwenye Biblia. Nililitumia miezi minne, na kila aliponiita mtu kwa lile la zamani nilikuwa natetemeka.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa kanisa, mwanamke mwenye shamba la mahindi, asiyependa maneno mengi. Alinifungulia Mwanzo. Abramu alipopewa jina la Abrahamu, Mungu hakumwita Abramu tena. Lakini Yakobo alipewa jina la Israeli sura ya 32, na ukifika sura ya 46 mstari wa 2, usiku, Mungu anamwita: Yakobo! Yakobo! Jina lilelile, lenye maana ya mshika kisigino. Mama yule akafunga Biblia, akasema, "Mungu halionei haya jina lako. Wewe unalikimbilia wapi?" Akaaga akaenda kupalilia.

Kubadili jina si dhambi, nisieleweke vibaya. Kama unataka kubadili, badili. Ila usibadili kwa hofu, na usilipie.

La pili ni kelele. Kuna mtindo wa kusimama mbele ya kioo na kupaza sauti: mimi ni kichwa wala si mkia. Nilipaza miaka miwili, na muda wote huo yule fundi wa sare za shule sikumsalimia. Siku moja nikaisoma Kumbukumbu 28:13 mpaka mwisho, nikakuta ahadi ile imefungwa na kuyasikiliza maagizo ya Bwana. Neno la Mungu ni la kukiri, ndiyo, lakini lisiwe dawa ya kunywa kwa ajili ya kumshinda jirani. Ukitaka maneno ya kujisemea, chukua Isaya 43:1: nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu. Hilo halina jirani ndani yake.

Sema jina lako

Hapa ndipo wengi wanaishia njiani. Kujijua ndani ya Kristo kunapitia kusema ukweli kwa mtu mwenye uso.

Yakobo aliulizwa jina mara mbili. Mara ya kwanza baba yake kipofu alimwuliza wewe ni nani, akajibu mimi ni Esau, Mwanzo 27:19, na mikononi amevaa ngozi za wana-mbuzi. Mara ya pili ni usiku kando ya kivuko cha Yaboki, anashindana na yule asiyemjua, anaulizwa jina lako nani. Safari hii akasema: Yakobo. Ni baada ya kulisema hilo la kweli ndipo alipopewa lingine. Akaondoka akichechemea.

Nilikaa na sura hizo mbili wiki nzima, kitenge kikiwa chini ya meza, kinagusa miguu yangu kila nikikanyaga pedali. Ijumaa nikakikunja, nikachukua pesa kwenye kopo, nikaenda kwa mteja. Umepita mwaka na miezi. Nilikuwa nimepanga hotuba, kama yule kijana wa Luka. Nikakuta anachambua mchicha. Nikasema, "Dada, kitenge chako hakikuwa pungufu. Nilikikata vibaya nikakudanganya. Pesa yako hii." Akanyamaza, mkono kwenye sinia. Hakunikumbatia, hakulia. Alisema, "Na mimi nilienda kugombana na yule muuzaji." Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Kwa hiyo siku ile ikawa ya nyumba mbili: nilienda na kwa muuza vitenge, nikamwambia mbele ya wateja wake.

Ukienda kwenye safari ya namna hii, nenda na pesa kama kuna pesa ndani yake. Samahani tupu inamwachia mwenzako hasara. Sema kosa kwanza, sababu baadaye, au usiiseme kabisa. Usimdai akusamehe papo hapo. Na usifanye kwa ujumbe wa simu. Yule dada alirudi kushona kwangu baada ya muda mrefu. Muuzaji bado ananiuzia bei ya juu kidogo. Sawa tu.

Mgongo hujipimi mwenyewe

Kinyozi hajinyoi. Fundi naye hawezi kujipima mgongo. Ukijaribu, futi inapinda na nguo inakuja kukubana kwapani. Unahitaji mtu nyuma yako.

Chagua mtu mmoja, si kumi. Si lazima mchungaji, wala asiwe mtu unayemwogopa au anayekuogopa. Mpe ruhusa ya kukuuliza mambo mawili: wiki hii umejiita nani, na wiki hii umefanya nini ili uonekane. Mimi nina yule mama wa mahindi. Jumuiya nayo ina kazi yake, ila jumuiyani watu wanasikia habari zako nzuri tu, na chai inapoa.

Huyo wa nyuma atakusaidia na kwenye sifa. Nilipokuwa natukanwa niliomba sana. Niliposifiwa sikuomba kabisa. Mtu akikusifu, pokea, sema asante, usijifanye huna mikono. Kisha jioni ukinawa, sema lilelile la asubuhi.

Neno kidogo kuhusu kiraka. Yesu anasema hakuna atiaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu, na kwa fundi sababu iko wazi: kitambaa cha pamba kisichowahi kuguswa na maji, kikifuliwa husinyaa, na kikisinyaa kinavuta kile kilichochakaa mpaka kinapasuka. Ndiyo maana kitambaa naloweka kabla ya kukata. Ukimchukua Kristo umbandike mahali palipotoboka tu, kwenye ndoa au kwenye biashara, huku nguo yote ni ileile, utashangaa mpasuko unaongezeka. Nilibandika sana.

Tena usishonewe kwa vipimo vya mwingine. Wateja wananiletea picha ya simu, msichana mwembamba wa Lagos, wanasema nataka hivi hivi. Kanisani ni hivyohivyo: yule anaimba, nami niimbe, yule anatoa unabii, nami nitoe. Daudi alivikwa silaha za Sauli akajaribu kutembea, akazivua, akasema hajazijaribu. Akachukua fimbo na mawe, vitu ambavyo mkono wake ulivijua. Jiulize mkono wako unajua nini, uanzie hapo, hata kama ni kupika uji wa msibani.

Siku mkono ulipovunjika

Matendo 9 kuna mshonaji mwenzangu, Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi. Alipokufa wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Nilimpenda kwa ajili ya zile kanzu. Miaka yote hiyo sikuona kwamba Luka, mwandishi wa Matendo, kabla hajataja nguo hata moja, anamtaja kwanza kuwa mwanafunzi. Kanzu zinakuja mistari mitatu baadaye.

Niliona nilipoanguka kwenye bodaboda nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Plasta wiki saba. Binti ninayemfundisha kazi alishika cherehani, mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja nikimwangalia anavyopindisha upindo. Watu walipita, wakauliza kazi, nikasema sina. Wiki ya kwanza nililia. Asubuhi nilinawa kwa mkono wa kushoto, maji nusu yanamwagika kifuani, nikasema nimebatizwa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kazi yoyote ya kuliegemeza neno lile. Lilisimama lenyewe.

Siku ya kutolewa plasta nilikaa kwenye benchi na wenzangu kama ishirini. Dirishani karani hakuinua kichwa.

"Jina?"

Nikalitaja, yote mawili, la bibi likiwa la kwanza.

Akainua macho. "Ndiyo jina lako kabisa hilo?"

"Ndilo."

Akaandika. Baadaye wakaliita kwa sauti, benchi zima likageuka kumtafuta mwenyewe, nikanyanyuka mara ya kwanza.